Isale kwenye Kaburi Lisilo na Jina

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, brashi ya katani, uzi wa mwashi na kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha. Nilikuwa nimetarajia jembe. Msimamizi wa makaburi ya askari pale Moshi alikuwa mzee wa Tabora, mrefu, aliyewahi kuwa askari yeye mwenyewe na bado alitembea kama anayehesabiwa hatua. Alinipeleka hadi safu ya kwanza, akanionyesha jiwe jeupe lililonifika mapajani, akasema, "Soma."

Nikasoma kimoyomoyo.

"Kwa sauti. Hapa hatumwoshi mtu ambaye hatujamsalimia."

Nikasoma jina, cheo, kikosi na tarehe ya kufa. Lilikuwa jina la kigeni, ulimi wangu ulijikwaa mara mbili. Yeye alisimama nyuma yangu amevua kofia. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilidhani ni mzaha wa kumpokea mgeni. Baadaye nilimwona akifanya vilevile asubuhi, peke yake, wakati hakuna wa kumtazama. Sikucheka tena.

Ninyi mnaopita barabarani mkaona nyasi zimekatwa na mawe yamepangwa mnadhani ile ni bustani. Ni kazi yenye sheria zake. Jiwe la kaburi haliguswi kwa sabuni wala brashi ya waya, kwa sababu sabuni hubaki ndani ya jiwe na waya hula herufi. Unalowesha kwa maji matupu, ukianzia chini kwenda juu. Ukianza juu, maji machafu yanateremka kwenye jiwe kavu na kuacha michirizi ambayo haitoki msimu mzima. Kijiti cha mwanzi ni cha kutoa ukoga ndani ya herufi, moja baada ya nyingine. Uzi ni wa kupima safu. Chini ya udongo kuna mhimili wa zege unaoshika mawe yote ya safu moja, na ardhi yetu ya Moshi ikinywa mvua ya masika huvimba na kuusogeza. Jiwe likitoka kwenye mstari kwa upana wa kidole, Msimamizi aliliona akiwa getini.

"Walisimama kwenye mstari wakiwa hai," alisema. "Hatutawalegeza sasa."

Jinsi nilivyoingia kazi hiyo si hadithi ya kujivunia. Mimi ni mtu wa Tarakea. Nilipomaliza kidato cha nne niliingia kwenye kuvusha vitu mpaka wa Kenya kwa miguu, sabuni na mafuta ya kupikia, nikipita kwenye vichaka na mashamba ya watu. Miguu yangu ilipenda kutembea na haijaacha hadi leo. Ruksa ilipokuja, yaani serikali ilipofungua biashara, bidhaa zikajaa soko la Kiboriloni mpaka zikamwagika barabarani, na sisi wa sabuni za kichwani tukakosa kazi. Nikashuka mjini, nikapanga chumba Njoro, nikasikia makaburini wanatafuta mtu anayejua kusoma. Nilikusudia kukaa mwezi mmoja.

Katika wiki ya tatu nilifanya kosa ambalo limekuwa uti wa maisha yangu yote ya kazi.

Safu ya mwisho, karibu na ua, kulikuwa na jiwe lisilo na jina. Liliandikwa tu kwamba hapo amelala askari wa vita, na mwaka, basi. Pembeni yake, mahali ambapo pangekuwa bega la mtu, palikuwa na isale limeota vizuri, majani marefu, udongo umepaliliwa kwa mkono. Kwa msomaji asiye wa kwetu, isale ni mmea ambao Wachagga tunaupanda kwenye mipaka na makaburini. Tunaushika pia mkononi tunapokwenda kuomba msamaha. Aliyekosewa akiletewa isale hawezi kukataa. Anaweza kupanga faini, lakini hawezi kukataa.

Msimamizi alikuja na ramani ya upandaji, karatasi kubwa inayoonyesha kila mmea unaoruhusiwa na mahali pake.

"Hicho nini?"

"Isale, Msimamizi."

"Liko kwenye ramani?"

"Halipo. Lakini huku kwetu..."

"Kisicho kwenye ramani ni gugu. Ng'oa."

Nikang'oa. Mizizi ilitoka na donge la udongo. Nikalitupa kwenye lundo la mboji.

Siku ya soko Kiboriloni alikuja makaburini mama mmoja wa makamo, karibu miaka sitini, kitambaa cheupe kichwani na kikapu kilichobaki ndizi chache. Alipita safu zote bila kuangalia pembeni, akafika kwenye jiwe lile akasimama. Nilijua kabla hajageuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani ameng'oa?"

"Mimi."

"Wewe wa wapi?"

"Rombo. Tarakea."

"Kwenu isale halioti?"

"Linaota, bibi."

"Basi ulilijua."

"Nililijua."

Alitikisa kichwa polepole. "Afadhali ningekuta limeliwa na mbuzi. Mbuzi hajui."

Msimamizi alisogea kwa adabu, kofia mkononi, akamuuliza huyo aliyelala pale ni nani kwake. Akasema ni kaka yake, Ndesario, aliyechukuliwa vitani yeye akiwa msichana wa miaka kumi na miwili. Hakurudi. Barua ilikuja ikasomwa mara moja na karani, ikasema amekufa na amezikwa. Wapi, karani alisema neno ambalo hakuna aliyelielewa nyumbani, na barua ikaliwa na mchwa.

"Lakini mama," Msimamizi akasema, "jiwe hili ni la vita ya kwanza. Tazama, mwaka huu hapa. Kaka yako hakuwa amezaliwa."

"Mimi sijui kusoma. Mlinzi aliyekuwa hapa zamani nilimuuliza, hawa wasio na majina ni kina nani. Akaniambia ni wale ambao ndugu zao hawajaja." Akaweka kikapu kichwani. "Mimi nikaja. Mwaka wa kumi na moja huu."

Akaondoka. Msimamizi alibaki akitazama shimo dogo lililobaki pale lilipotoka isale.

Jumapili nilipanda Mbokomu, mlimani kwao yule mama, nikiwa na isale mkononi. Nilimuuliza kila niliyekutana naye njiani nyumba ya Bibi Anansia, jina nililopewa na wauza ndizi wa Kiboriloni, na kila mtu aliangalia mkono wangu kwanza, kisha akanionyesha njia bila swali. Nilimkuta uani akimenya ndizi za supu ya mtori. Kirombo changu na Kichagga chao cha Mbokomu havisikilizani vizuri, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, yeye akicheka matamshi yangu na mimi nikiyameza yake.

"Ninyi Warombo mnashika isale kama fimbo ya kuswagia ng'ombe," alisema. "Shika kwa mikono miwili. Hivyo. Haya, sema."

Nikasema. Nilisema nilijua, na kwamba niliogopa kupoteza kazi ya wiki tatu. Akalipokea.

"Ningekutoza mbuzi na kibuyu cha pombe ya mbege. Mbuzi ninao, na mbege naipika vizuri kuliko mama yako. Njoo huku."

Akanipeleka ndani ya kihamba, shamba la ukoo, katikati ya migomba na kahawa. Kulikuwa na kaburi la baba yake na la mama yake, na kati yao nafasi ya mtu mmoja, udongo mtupu. Hata magimbi hayakupandwa pale, na kwa Mchagga udongo mtupu kwenye kihamba ni kitu cha kushangaza kuliko kaburi lenyewe.

"Hapa ni pake. Mama alikufa akiniambia nisipafunge mpaka nijue alipo. Mwanangu anataka kujenga banda la ng'ombe, nimemzuia. Nikifa bila kujua, atajenga, na wala sitamlaumu, maana atakuwa anajenga juu ya udongo tu." Akaniangalia. "Faini yako ni hiyo. Nitafutie alipo."

Nikamwambia kwamba jina tu halitoshi, kwamba askari hutafutwa kwa namba ya jeshi. Nilidhani hapo ndipo mambo yangeishia. Aliingia ndani akatoka na ubao mweusi kwa moshi, aliokuwa akiwekea vibuyu vya maziwa. Ulikuwa kipande cha mwimo wa mlango wa nyumba ya zamani. Siku ya kuondoka, Ndesario alichonga namba yake pale kwa kisu, akawaambia wakitaka kumwandikia waandike hiyo. Hakuna aliyejua kuandika. Nyumba ilipobomolewa na kujengwa ya matofali, Anansia aliukata ubao ule akauhifadhi.

Tuna njia ya kusoma jiwe lililofutika: unaweka karatasi juu yake na kusugua kwa ubavu wa penseli, na yaliyochongwa yanajitokeza meupe. Nikafanya hivyo kwenye ubao. Namba ikaja polepole, herufi moja na tarakimu sita, imechongwa na mkono uliokuwa na haraka. Bibi Anansia aliinama karibu sana na karatasi. Kwa miaka arobaini na kitu alikuwa amepanga vibuyu juu ya namba hiyo.

"Inasemaje?"

"Inasema ni yeye."

Nilimpelekea Msimamizi karatasi ile Jumatatu, nikitegemea kukaripiwa kwa kupeleka kazi ya ofisi vijijini. Aliikunja akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, akasema tungoje Mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa bwana mkubwa wetu kutoka tume inayotunza makaburi ya askari wa vita kila nchi, aliyezunguka makaburi yote ya kanda mara moja kwa mwaka. Alikuja, akavuta uzi kwenye safu tatu, akachungulia herufi kwa kioo cha kukuzia. Msimamizi akatoa karatasi.

"Huyu hayumo katika makaburi ya kanda yetu," Mkaguzi akasema baada ya kupitia orodha yake.

"Ndiyo maana tunakupa wewe, bwana."

"Unajua maombi mangapi nina mezani?"

"Sijui. Hili moja ninalijua."

Mkaguzi aliinakili. Kisha ukaja muda mrefu ambao sina mengi ya kusema juu yake, isipokuwa kwamba sikuacha kazi. Nilipelekwa Tanga, ambako chumvi ya hewani hula jiwe upande mmoja. Nilipelekwa Iringa, ambako asubuhi maji ya ndoo yalichoma vidole kama moto. Kila nilikopelekwa nilikwenda kwa furaha, maana kutembea ndiyo tabia yangu, na kila niliporudi Moshi nilipanda Mbokomu kusema bado. Bibi alinipa mtori, akanitania kwamba Mrombo akipewa faini huikimbilia mpakani. Lakini nilimwona anavyopungua. Mwanawe alikuwa amenunua mabati ya banda, akayaegemeza kwenye mgomba karibu kabisa na ile nafasi, kwa heshima.

Jibu lilikuja siku ya mvua, katika bahasha ya kawaida pamoja na fomu za brashi mpya. Mstari mmoja. Namba ile, jina la Ndesario, na mahali: makaburi ya askari kule Bama, kama wazee wetu walivyoiita ile nchi ya Asia walikopigana vita ya pili, kiwanja cha sita, safu ya tatu, kaburi la kumi na nne.

Nimeosha maelfu ya mawe. Nilikuwa nimezoea, Mungu anisamehe, kusoma majina kama mtu anayesoma vibao vya maduka. Siku ile nilikaa kwenye kiti cha ofisi, nikausoma mstari ule tena kwa sauti. Kijana wa migombani Mbokomu alikuwa na kiwanja, safu na nambari upande wa pili wa dunia. Kulikuwa na mhimili wa zege chini yake. Kulikuwa na uzi uliovutwa mbele yake. Muda wote ambao dada yake alikuwa akipalilia kaburi la mtu mwingine, kuna mtu alikuwa akimwosha yeye kutoka chini kwenda juu.

Msimamizi alisoma mstari ule, akasimama, akavua kofia ndani ya ofisi.

Bibi Anansia nilimkuta jikoni. Nilimsomea kwa sauti, kama nilivyofundishwa. Hakulia. Aliuliza mambo ambayo mkulima angeuliza.

"Udongo wa huko ukoje?"

"Sijui, bibi. Nchi ya mvua nyingi."

"Na nani anamfagilia?"

"Mtu kama mimi."

"Kama wewe mng'oaji, au kama wewe wa sasa?"

"Natumaini kama mimi wa sasa."

Kisha akatoka, akaenda kwenye lile isale nililomletea, ambalo alikuwa amelipanda kwenye kona ya kihamba na sasa lilinifika kifuani. Akachuma jani moja.

"Mpelekee. Nimechelewa kwenda kumwona, kwa hiyo mimi ndiye niliyekosa."

Sheria zetu zilikuwa wazi: hakuna kitu kinachowekwa kwenye jiwe ila kwa kibali. Nililikausha jani kati ya kurasa za daftari la mahudhurio, nikaandika barua kwa msimamizi wa makaburi yale ya mbali. Nilieleza ni jani la nini, limetoka kwa nani. Sikuomba liwekwe popote. Sikuthubutu. Msimamizi aliisoma barua, akapiga muhuri wa ofisi, akaibeba posta mwenyewe.

Picha ilirudi baada ya miezi mingi. Barua iliyoambatana nayo ilikuwa fupi, ya mtu ambaye Kiingereza kilimtoka kwa shida kama kinavyonitoka mimi: alikuwa mtunzaji wa kiwanja cha sita, na kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Picha ilionyesha jiwe dogo, safi, herufi kali, jina la Ndesario. Nyasi zilikatwa ukingoni kwa mstari ambao Msimamizi wangu hangepata la kuukosoa. Chini ya jina lilikuwa jani letu. Na juu ya jani aliweka kokoto moja, ili upepo usilichukue.

Msimamizi aliitazama picha ile mpaka chai yake ikapoa.

"Amevunja sheria," akasema.

"Ndiyo, Msimamizi."

"Kokoto ameiweka katikati kabisa."

"Nimeona."

Akanirudishia picha niipeleke Mbokomu. Bibi Anansia alipitisha kidole juu ya jina ambalo hakuweza kulisoma, kisha juu ya jani, ambalo aliweza. Akamwita mwanawe. Mbele yetu sote akapanda isale kwenye ile nafasi kati ya baba na mama, akakanyaga udongo kwa mguu wake, akasema kwa Kichagga maneno ambayo hata mimi Mrombo niliyaelewa, kwamba sasa pamefungwa. Kisha akamwambia mwanawe kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, "Jenga banda lako. Uache hatua tatu."

Nilipoaga akanishika mkono. "Na yule wa mjini, niliyemlilia miaka yote hiyo. Ni mtoto wa nani?"

"Hatujui, bibi. Hatutajua."

"Basi dada yake hajaja," alisema. "Nitaendelea mimi."

Siku ya soko iliyofuata alikuja na chipukizi la isale kwenye kikapu. Nilimwona getini, nikamwangalia Msimamizi. Alimsalimia, akamwomba asubiri. Akaingia ofisini, akatoka na ramani ya upandaji, akaitandaza juu ya toroli na kuniomba penseli. Kwenye safu ya mwisho, pembeni ya jiwe lisilo na jina, alichora duara dogo kwa uangalifu wa mtu anayechora mpaka wa nchi. Akaandika neno moja, isale, akatia saini yake.

"Sasa panda, mama," akasema.

Msimamizi alistaafu akarudi Tabora. Bibi Anansia tulimzika upande wa kulia wa mama yake. Kazi yetu ikapelekwa kwa kampuni ya kandarasi, kama zilivyopelekwa kazi nyingi miaka ile, na sisi wa zamani tukapewa barua za shukrani. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, siku nyingi kwa mtu aliyekusudia mwezi mmoja. Tangu wakati huo nimetembea huku na huko, Tarakea, Voi, hata Kigoma, nikifanya hiki na kile. Kila mji ninaofika naulizia makaburi, nasoma majina mawili matatu kwa sauti. Watu wananiona wa ajabu.

Mwaka jana nilipita Moshi nikaingia. Mashine za kukatia nyasi zilikuwa zikinguruma. Safu ya mwisho alikuwapo mwanamke wa kampuni ile, amefunga kilemba, anang'oa magugu kwa mkono. Aling'oa hiki, aling'oa kile, akafika kwenye isale. Lilikuwa limenipita kimo. Akalizunguka, akaendelea mbele.

"Dada," nikamwambia, "mbona hilo umeliacha?"

Aliinua macho. "Shikamoo, mzee. Hilo liko kwenye ramani."

"La nani?"

"Sijui. Nimelikuta." Akafuta mikono kwenye vazi lake la kazi. "Ila huwa nalimwagilia kiangazi. Huyu hana jina, nikaona asikose na kivuli."

Nikamjibu marahaba. Kisha nikavua kofia, nikapiga goti mbele ya lile jiwe, nikasoma kwa sauti yale machache yaliyoandikwa.